Kamera Itaangalia Wapi?

Usiku mmoja wa Julai mwaka jana, wezi waliingia kwa shosho yangu kule Tetu, Nyeri, wakafungua zizi na kuondoka na mtamba wake. Shosho alikuwa macho. Alisikia komeo likitolewa, akasikia kwato zikipita chini ya dirisha, akabaki ameketi kitandani hadi kulipokucha. Hakupiga nduru. Tulipomuuliza kwa nini, alitujibu kwa swali: nani angesikia?

Asubuhi habari ilikuwa imefika kwa group ya familia. Kufikia saa sita mchana shangazi aliye Marekani alikuwa ametuma picha za kamera tano, baba mdogo alikuwa ameahidi pesa, na mimi nilikuwa nimechaguliwa kuwa mnunuzi. Sababu iliyotolewa ni kwamba naelewa mambo ya teknolojia. Sababu ya kweli ni kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhindikana, naandikia watu makala kwa malipo ya kuhesabu maneno, na ukoo mzima unaamini kwamba mtu asiye na ofisi yuko huru kila siku ya wiki. Sikubishana. Shosho ni shosho.

Nilianzia Luthuli Avenue, kama kila mtu Nairobi anayetafuta kitu chenye waya. Nilizunguka siku mbili, duka hadi duka, na ikiwa nawe una mzazi au shosho anayeishi peke yake ushago, acha nikupunguzie safari.

Kuna mifumo ya namna tatu. Ya kwanza ni ya nyaya: kamera nne au nane, zote zinaelekea kwenye mashine moja ya kurekodi iliyo na diski ndani ya nyumba. Picha ni safi na hailipiwi kila mwezi. Shida ni stima. Kwetu stima ikipotea Ijumaa, unaweza kuisubiri mpaka Jumapili, na mwizi mwenye akili atangoja iondoke. Ukichagua huu, nunua na betri ya akiba, na ukumbuke kwamba mwizi akibeba ile mashine amebeba ushahidi wako wote. Ya pili ni kamera za waifai, rahisi na za bei nafuu, lakini waifai yenyewe iko wapi huko kwa majani chai? Ya tatu ndiyo inayouzwa sana kwa watu kama sisi: kamera ya sola yenye laini yake ya simu. Inalala kuokoa betri, inaamka ikihisi joto la mwili likipita, inarekodi kwenye memori kadi na kukutumia picha kwa simu. Hiyo nayo ina mambo yake. Julai, ukungu wa Nyandarua unaweza kukaa juu ya Tetu siku nyingi mfululizo bila jua kuonekana, na betri inakufa. Bundles zikiisha, kamera inakuwa pambo. Na buibui hupenda kutanda karibu na taa zake za usiku. Uzi mmoja mbele ya lenzi unang'aa kama taulo jeupe na kuficha kila kitu nyuma yake.

Alamu nayo ni kitu kingine kabisa, ingawa huuzwa pamoja na kamera. Ina sensa za mlango na za mwendo, king'ora, kidude kidogo cha kubonyeza ambacho mtu anaweza kuvaa shingoni, na kisanduku chenye laini ya simu kinachopigia namba ulizokipa, moja baada ya nyingine.

Fundi mmoja, kijana wa rika langu, ndiye aliyenipa swali ambalo sikulipata kwa video zote nilizotazama. Alisema, "Bro, amua kwanza. Unataka kuona, ama unataka kuita? Kamera inaona. King'ora kinaita. Watu hununua ya kuona halafu wanashangaa hakuna mtu amekuja."

Nilidhani hilo ni swali la bajeti.

*

Tulipanda matatu Jumamosi, mimi na fundi, tukapitia Sagana na Karatina, tukakata kona Marua kuelekea Nyeri mjini, kisha tukapanda Tetu. Boma la shosho liko juu ya mgongo wa kilima, limezungukwa na ua wa kayaba, na mlima wa Nyandarua uko nyuma yake. Jirani wa karibu yuko ng'ambo ya bonde dogo. Ni mahali pazuri sana na ni mahali pabaya sana pa kuibiwa.

Fundi alizunguka na futi yake, kisha akatoa wazo ambalo kwangu lilikuwa la maana. Tusimamishe mlingoti wa mita sita katikati ya uwanja, tuweke juu yake kamera moja inayozunguka. Itaona zizi, lango, mlango wa jikoni, choo, njia ya kuteremka mtoni. Kamera moja badala ya nne.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Aliuliza, kwa Kikuyu, "Huyo wa juu ataona mpaka mlango wangu?"

Nikamwambia ndiyo, shosho, ataona kila mlango.

"Basi huo ni mnara," akasema. "Mimi nimeshaishi chini ya mnara. Sirudi."

Hapa inabidi nikurudishe nyuma miaka sabini, kwa sababu fundi alicheka, na mimi ningecheka pia kama nisingekuwa nimesoma historia kidogo kabla chuo hakijanishinda.

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Vita vya Mau Mau vilikuwa na uwanja wake mkuu katika misitu miwili, Nyandarua na Mlima Kenya, na Nyeri iko katikati ya yote miwili. Wapiganaji walikuwa msituni, lakini chakula, dawa, habari na risasi vilitoka kwa mashamba yaliyo chini. Aliyekuwa akivibeba mara nyingi ni mwanamke, usiku, akijua njia zake. Serikali ya kikoloni ilijua hivyo. Juni 1954 ikaamua kuwaondoa watu wote kwenye mashamba yao yaliyotawanyika na kuwarundika katika vijiji vinavyoweza kulindwa. Caroline Elkins, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kambi za Waingereza Kenya, ameandika kwamba kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya Wagikuyu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji 804. Nyumba za zamani zilichomwa ili mtu asirudi.

Kwenye karatasi za serikali, vijiji hivyo vilikuwa vya ulinzi. Tazama vilivyojengwa. Handaki refu kuzunguka kijiji chote, na chini yake miti iliyochongwa ikang'aa. Seng'enge. Lango moja tu. Nyumba zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, karibu karibu. Na mahali palipoinuka, ngome ya homgadi yenye mnara, na juu ya mnara askari anayeona kila mlango. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje, na kijiji kikishukiwa kulisha wapiganaji kiliweza kufungiwa karibu siku nzima, ukapewa muda mfupi tu wa kuchota maji na kutafuta chakula. Mchana wanawake walitolewa kwa lazima kwenda kuchimba. Handaki jingine kubwa zaidi, la maili 50, lilichimbwa chini ya Mlima Kenya kutenganisha msitu na mashamba, na upande wetu wa Nyandarua ukapata la kwake. Mengi ya hayo yalichimbwa kwa majembe ya mkono, na walioshika majembe walikuwa mama zetu.

Shosho alizaliwa mwaka wa 1943 au karibu na hapo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja hivi walipohamishwa. Anachokumbuka zaidi kuhusu mnara si kuogopa wapiganaji wa msituni. Ni kwenda haja. Choo kilikuwa wazi kwa aliye juu, na wasichana walikuwa wakienda wawili wawili, mmoja akishika leso ili mwenzake asionekane. "Walituambia ni wa kutulinda," alisema. "Lakini uso wa yule askari ulikuwa umeangalia ndani. Siku zote umeangalia ndani."

*

Kulikuwa na jicho jingine, na hilo nililisikia kwanza darasani, si nyumbani. Liliitwa gakunia, yaani kagunia. Mtu alivikwa gunia kichwani, likatobolewa mahali pa macho, akaketishwa, na watu wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, unapita. Akiinamisha, unapelekwa kambini. Aprili 1954, wakati wa Operesheni Anvil, wanaume wa Nairobi walipitishwa hivyo kwa maelfu. Ulihukumiwa na mtu aliyekuona usiyeweza kumwona.

Shule zetu zilitufundisha majina ya mashujaa. Kwetu Tetu ni rahisi, Dedan Kimathi ni wa hapa. Alikamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 karibu na handaki la ukingo wa msitu. Alipigwa risasi mguuni na askari wa kikabila aliyeitwa Ndirangu, Mgikuyu kama yeye, akashtakiwa Nyeri na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Leo ukishuka Nyeri mjini utatembea Kimathi Way, ununue memori kadi na urudi nyumbani. Hakuna barabara niijuayo yenye jina la mtu aliyekaa mnarani. Hata hivyo mnara ulikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na jina, na baadaye alioa, akazaa, akapeleka watoto shule.

Jioni ile, fundi akiwa ameshalala, shosho aliniambia jina hilo.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya babake. Mimi ndimi huyo. Nimebeba jina la guka, kwa hivyo shosho hajawahi kuniita kwa lile la shule. Huniita mzee wangu, kwa utani wa bibi na mume. Guka alikufa kabla sijazaliwa. Kwa familia yetu yeye ni mtu wa kanisa, mkulima wa chai wa mapema, mwenye ng'ombe wa gredi. Hakuna aliyewahi kuongeza kitu juu ya hapo.

"Mzee wangu," shosho aliniambia, "yule kijana wa mnara wa kwetu, wewe ndiwe una jina lake."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake alimpeleka kwa homgadi kwa sababu chaguo jingine lilikuwa msitu au Manyani. Shosho aliolewa naye miaka mingi baadaye, Kenya ikiwa tayari huru. Nilimuuliza kama walizungumza kuhusu mambo hayo hata mara moja. Akasema mara moja tu. Guka alimwambia kwamba akiwa juu kule alikuwa anafumba macho wasichana wakienda chooni. "Nikamwambia sawa," alisema shosho. "Sikujua kama ni kweli. Kutoka chini huwezi kuona macho ya mtu."

*

Sasa nirudi kwa swali la mtamba, maana ulianza kusoma kuhusu mtamba.

Kwa nini nyumba ya shosho iko peke yake juu ya kilima, mahali ambapo nduru haifiki popote? Jibu nalo liko katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1954, wakati watu wanafungiwa vijijini, serikali ilianza mpango wa kilimo uliopewa jina la afisa aliyeuandika, Swynnerton. Mashamba madogo madogo ya ukoo yaliyotapakaa huku na kule yaliunganishwa, kila mtu akapewa kipande kimoja, na baadaye hati. Nyeri ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Ilikuwa kazi rahisi kupima ardhi wakati wenyewe wako nyuma ya handaki, na wengine wako kizuizini. Waliokuwa upande wa serikali walikuwepo mezani mipaka ilipochorwa. Waliorudi kutoka kambini wengi walikuta mambo yameshaamuliwa. Hali ya hatari ilipokwisha Januari 1960, wenye vipande walishatoka au walikuwa wanatoka vijijini, kila mmoja akajenga katikati ya shamba lake, akapanda kayaba kuzunguka, akawa na amani na upweke wake.

Wasio na vipande walibaki pale pale. Sehemu hizo zipo mpaka leo. Zinaitwa gichagi. Sisi wa mjini tunalitumia neno hilo kwa mchezo, "naenda gichagi wikendi," tukimaanisha shags tu. Kwa wazee wa Nyeri gichagi ni ile safu ya nyumba zilizobanana kwenye robo ekari na chini yake, mahali palipokuwa na handaki. Wajukuu wa waliobaki ndio wanaochuma chai ya wajukuu wa waliotoka.

Mmoja wao humchumia shosho, na huja kumkamulia ng'ombe mgongo ukimsumbua.

Na kwenye group ya familia, kabla hata polisi hawajaandika chochote, kila mtu alikuwa ameshajua mtamba aliibwa na nani. Vijana wa gichagi. Ushahidi haukuwepo. Baba mdogo aliniandikia kando: kamera iangalie ile njia ya kupanda kutoka gichagi, tuwe na sura zao zote.

Nilikaa na huo ujumbe usiku kucha. Jina la guka, shamba la guka, na mimi juu ya mnara mpya, na simu mkononi, nikikusanya sura za watoto wa watu walewale.

*

Hatuko peke yetu katika hili. Kamera ya kwanza ya ulinzi wa nyumbani ilibuniwa New York na nesi mweusi, Marie Van Brittan Brown, aliyeishi Queens. Zamu zake zilimweka peke yake nyumbani saa mbaya, na polisi wa mtaa wake walichelewa kuja wakiitwa. Yeye na mumewe Albert waliomba hataza mwaka 1966 na kuipata Desemba 1969. Mlango ulikuwa na matundu manne, kamera ikipanda na kushuka nyuma yake kutegemea kimo cha mgeni, skrini chumbani, maikrofoni ya kuongea naye, kitufe cha kufungua mlango na kitufe cha kuita msaada. Angalia vile kilipangwa: jicho linaangalia nje, na vitufe vyote viko mkononi mwa mwenye kuogopa.

Nchini Czech, mtu mmoja aitwaye Ryneš aliweka kamera nyumbani baada ya madirisha yake kuvunjwa, ikawa inarekodi na barabara. Desemba 2014 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayoangalia njia ya umma haiwezi kuitwa jambo la nyumbani kwako tu. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na yenyewe inasamehe mambo ya nyumbani kabisa. Njia ya gichagi si mambo ya nyumbani kwangu. Watoto wanaipita kwenda shule.

Upande wa kuita nao si msafi, nisikudanganye. Baada ya Westgate, mwaka 2013, serikali ilituletea Nyumba Kumi, wazo ambalo Tanzania ilikuwa nalo tangu miaka ya 1960: jirani amjue jirani. Baadaye Nairobi na Mombasa zikapata kamera za polisi 1,800 hivi. Ushago tukaachiwa jirani. Lakini jirani akikasirika ni kitu gani? Aprili 2009 huko Gathaithi, Mathira, wanakijiji waliochoka kutozwa pesa na Mungiki walijipanga kuwasaka. Mungiki wakarudi usiku kulipiza. Waliouawa hawakupungua 29. Kila upande ulikuwa na hakika ya nani ni nani.

Kwa hivyo sikuwa natafuta kifaa kisicho na dhambi. Nilitaka kujua tu shosho mwenyewe anataka nini, swali ambalo, nikikumbuka vizuri, hakuna mtu kwenye group aliyekuwa ameuliza.

Nikamuuliza asubuhi, tukinywa uji.

Alitaka sauti. Alinieleza kwamba zamani, kabla ya vijiji, mtu akishambuliwa alipiga mbu, yaani ile nduru ya hatari, na aliyeisikia aliipiga tena kwa wa mbele, mpaka ikavuka mabonde. Kuisikia na kulala ilikuwa aibu. Kwenye kijiji cha mnara, mbu ilikufa, kwa sababu usiku watu walijifunza kutosikia. Ukisikia mtu analia kwa jirani, unavuta blanketi. "Ndiyo maana sikupiga nduru," alisema. "Si kwa sababu wako mbali. Nilijifunza kunyamaza nikiwa mtoto."

*

Hiki ndicho tulichofunga, uchukue kitakachokufaa.

King'ora kikubwa chini ya paa upande wa bonde, na cha pili kidogo kwenye zizi. Kisanduku chenye laini ya simu na betri ya akiba. Sensa mbili tu, mlango wa zizi na mlango wa jikoni, kwa sababu ukiweka za mwendo uwanjani, paka na ukungu watakuamsha kila usiku mpaka uzime kila kitu. Taa ya sola ya kuwaka mtu akikaribia zizi. Kidude cha kubonyeza shingoni mwa shosho, kwenye uzi alioufuma mwenyewe. Kamera moja ya sola, imeinamishwa chini kuangalia lango na mlango wa zizi. Fundi aliziba kwenye programu ile sehemu ya picha ambamo njia ya gichagi ingeonekana. Tulibadilisha neno la siri lililotoka nalo kiwandani, jambo ambalo watu wengi hawafanyi. Fimbo yenye kitambaa, ya kupangusa buibui kila Jumapili.

Namba ambazo kisanduku hupigia: ya kwanza ni ya yule mchuma chai wa gichagi. Ya pili ni jirani wa ng'ambo. Ya tatu mzee wa Nyumba Kumi. Baba mdogo ni wa nne, na mimi, mwenye programu kwa simu Nairobi, wa mwisho. Nikiwa Roysambu nitafanya nini, kutuma emoji?

Baba mdogo hakufurahi. Alinipigia akaniuliza kama niliacha chuo ili nijifunze siasa. Nikamwambia ni shosho ameamua. Akasema shosho ni mzee, hajui. Tulizungumza vibaya kidogo, kwa heshima ya kutosha ili tuweze kukutana Krismasi. Jambo la mnara sikumtajia. Labda anajua kuliko mimi. Hii ndiyo mara ya kwanza naliandika, na nilimsomea shosho sehemu yake kwa simu, nikiitafsiri. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nisimsahau kusema kwamba guka alikuwa mtu mwema kwa ng'ombe. Nimesema.

Shangazi naye alitaka kamera ya sebuleni, ili amwone mama yake akiwa Marekani. Niliielewa hamu hiyo, mama ana miaka zaidi ya themanini na tikiti ni ghali. Alituma ndogo ya mezani. Shosho aliishukuru sana, akaiweka juu ya kabati karibu na picha ya harusi, na akaifunika kitambaa cha kufumwa. Jumapili baada ya kanisa anakifunua wanaongea saa nzima. Wakimaliza anakirudisha.

Siku ya kujaribu, niliwaambia wote waliokuwa kwenye orodha kwamba jioni kutakuwa na kelele. Shosho alisimama mlangoni, akashika kile kidude kwa vidole viwili kama anayeshika kitu cha moto, akakitazama kwa muda. Nikamwambia abonyeze tu. Akabonyeza.

Manze, ile sauti. Ng'ombe waliruka, mbwa wa ng'ambo wakaanza, ndege wakatoka kwenye migumo. Ikapita ukingo wa bonde na kurudi. Kisha, juu yake, nilisikia sauti nyingine, nyembamba, ndefu, na nilichukua sekunde kadhaa kutambua kwamba inatoka kwa shosho. Alikuwa anapiga nduru.

Waliofika kwanza walikuwa vijana wanne kutoka gichagi, wakihema, mmoja ana panga, mmoja hana viatu. Walikuwa wameambiwa ni jaribio na bado walikimbia. Shosho alizima king'ora, akawaita kwa majina, akaingia jikoni kuweka chai.

Mtamba hajapatikana.